Rimoti ya gari imezima? Kabla hujamtumia fundi pesa, soma hii

Umetoka dukani saa tatu na nusu usiku, mifuko mikono yote miwili, uko kwenye maegesho ya mall pale Athi River. Unabonyeza rimoti ya gari. Kimya. Unabonyeza tena, safari hii umenyoosha mkono juu kama mtu anayetafuta netiwaki kijijini. Taa haziwaki, milango haifunguki. Soja wa geti ameanza kukutazama na lile jicho la "huyu ni mwenye gari kweli?"

Wengi wakifika hapo hutoa simu na kumtafuta fundi. Tafadhali, irudishe mfukoni. Uwezekano mkubwa ni kwamba gari lako liko sawa kabisa na kilichochoka ni kibetri cha duara, chembamba, chenye ukubwa wa sarafu, kilicho ndani ya hiyo rimoti. Mimi cha mwisho nilikinunua Sh150. Na hata bila hicho kibetri, gari lako bado linaweza kufunguka na kuwaka usiku huo huo. Siri iko mkononi mwako, ni vile tu hakuna aliyewahi kukuonyesha.

Huku kwetu hili jambo si dogo. Athi River ni mji wa shifti. Kuna wa EPZ, kuna wa viwanda vya simiti, kuna wa KMC, na nusu yao wanalala Kitengela, Mlolongo au Syokimau. Vijana wengi ninaowajua wamechukua mkopo wakanunua Vitz, Demio, Note au Fit, si ya kupigia picha bali ya kubeba abiria wa programu za teksi. Gari la namna hiyo likikataa kufunguka saa kumi alfajiri, siku imeenda, na deni la gari halijui habari ya rimoti.

Binamu yangu ni mmoja wao. Mwaka jana alikuwa na mteja wa kupeleka JKIA saa kumi na moja alfajiri, mtu wa kusafiri, si wa mchezo. Kushuka kwenye egesho la ploti yao, rimoti imekufa. Akampigia fundi wa funguo aliyepewa namba yake na rafiki. Mazungumzo, kama alivyonisimulia, yalikwenda hivi:

"Boss, hiyo kii imepoteza kumbukumbu. Lazima tuipange upya na mashine."

"Fundi, sasa hiyo ni pesa ngapi?"

"Kwa wengine ni elfu ishirini. Wewe nipe kumi na nane. Tuma elfu tatu ya kwanza nitoke na mashine."

Akatuma. Fundi akasema anakuja, ila "kukipambazuka". Ndipo binamu akanipigia, saa kumi na robo, sauti inatetemeka. Nikamwambia atoe ule ufunguo mdogo wa chuma uliojificha ndani ya rimoti, afungue mlango wa dereva kwa mkono, akanyage breki, kisha aigusishe rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia gari na kukibonyeza. Kimya cha sekunde kama tano. Halafu nikasikia injini. Mteja alifika uwanjani. Zile elfu tatu hadi leo hazijarudi.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na sina cheti cha umeme wa magari ukutani. Lakini hii si sayansi ya roketi, na inaniudhi sana mtu akiuziwa hofu kwa sababu tu hajui kilicho ndani ya plastiki anayotembea nayo kila siku.

Ndani ya hiyo rimoti kuna vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni redio ndogo. Ukibonyeza kitufe, inarusha msimbo hewani, gari linausikia na kufungua milango. Redio hii ndiyo inayokula betri. Cha pili ni chipu ya usalama, ile inayoliambia gari "huyu ni wetu, muwashe". Hii chipu haihitaji betri hata kidogo. Gari lenyewe ndilo linaloilisha: karibu na kitufe cha kuwashia, au kuzunguka tundu la ufunguo kwa magari ya kuchomeka, kuna koili ya waya inayotoa nguvu ya sumaku. Chipu ikisogezwa hapo inapata umeme wa kutosha kujitambulisha. Ndiyo maana binamu yangu aliwasha gari na betri mfu mkononi.

Kwa hiyo kumbuka huu mpango wa dharura. Tafuta kibonyezo kidogo pembeni au nyuma ya rimoti, kisukume, uvute ufunguo wa chuma. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva. Kwa baadhi ya magari limefunikwa na kifuniko cha plastiki kwenye kishikio. Alamu inaweza kulia ukifungua hivyo. Usibabaike, wala usimkimbie soja. Ukishawasha gari itanyamaza. Gia iwe kwenye P, mguu kwenye breki, rimoti igusane na kitufe. Kwa Toyota na Honda, gusisha upande wenye nembo. Magari machache yana kishimo chake maalum cha kuweka rimoti, na kitabu cha gari kitakuonyesha kilipo. Najua kitabu chako kimeandikwa Kijapani. Picha zake hazijaandikwa Kijapani.

Ukifungua mlango kwa chuma ukute hata taa ya ndani haiwaki na dashibodi ni giza, basi tatizo si rimoti. Hiyo ni betri kubwa ya gari, ile ya volti 12 chini ya boneti, na hapo tafuta jirani mwenye nyaya za kuchajisha. Nimeona watu wakibadilisha betri ya rimoti mara mbili huku betri kubwa ndiyo imelala. Hilo ni la kuangalia kwanza, na ni bure.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Betri za rimoti zina majina kama namba za matatu: CR2032, CR2025, CR1632, CR1620, na kwa baadhi ya rimoti mpya CR2450. Hizo namba zina maana. Herufi C inasema ni betri ya lithiamu, R inasema ni ya duara. Tarakimu mbili za kwanza ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene, kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hiyo CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana ule ule ila ni nyembamba, milimita 2.5. Zote ni volti 3.

Ndiyo maana muuzaji akikwambia "chukua hii, ni sawa tu", usikubali. Ukiweka 2025 mahali pa 2032, inaingia vizuri lakini inachezacheza, leo inashika, kesho kwenye matuta ya Mlolongo inaachia. Wapo wanaoziba hilo pengo kwa karatasi ya fedha ya sigara. Noma hiyo. Karatasi ikihama inaweza kugusisha pande mbili za umeme na kuimaliza betri yako mpya kwa siku moja. Na ukilazimisha 2032 mahali pa 2025, unapinda vile vishikizo vyembamba vya chuma, na hapo sasa umejitengenezea tatizo la kweli la fundi. Pia usiamini orodha za mtandaoni zinazosema "Vitz inatumia hii". Gari moja, miaka tofauti, rimoti tofauti. Fungua uone.

Kufungua ni hivi. Ukishatoa ufunguo wa chuma, tazama pale ulipokuwa. Kwa rimoti nyingi utaona ufa mdogo au kijinafasi. Chukua bisibisi bapa ndogo, ifunge ncha kwa kitambaa au selotepu isikwaruze, ingiza hapo, kisha izungushe taratibu kama unageuza ufunguo. Usichokonoe kwa nguvu kama unafungua soda. Utasikia "tak", pande mbili zitaachana. Fanya hii kazi mezani, juu ya taulo au karatasi nyeupe, si garini. Kuna vipande vya raba na wakati mwingine vijisehemu vidogo vinavyoruka, na kuvitafuta chini ya kiti cha Demio ni adhabu.

Kabla hujagusa chochote, toa simu upige picha. Picha hiyo itakwambia betri ilikuwa imelala upande gani. Upande wenye alama ya kujumlisha huwa ule mpana wenye maandishi. Kwa rimoti zingine unatazama juu, kwa zingine chini. Ukigeuza, rimoti haitafanya kazi na utadhani umeuziwa betri bandia. Itoe betri kwa kijiti cha meno au kitu cha plastiki. Usiguse ile bodi ya kijani kwa vidole. Betri mpya ishike kingo zake, ipanguse kwa kitambaa kikavu, iweke, rudisha ile raba inayozuia maji, kisha bana pande mbili hadi zilie. Dakika tano, na hapo nimehesabu na muda wa kutafuta bisibisi.

"Je, gari halitasahau ufunguo?" Hapana. Hapa ndipo watu wanapoliwa doo. Msimbo wa rimoti umehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, sawa na picha zako zinavyobaki kwenye memori kadi hata simu ikizima. Kwa magari mengi unaweka betri, unabonyeza, kazi imeisha. Machache ya zamani hutaka uketi ndani na kufuata hatua fulani ili visalimiane upya, nazo huwa kitabuni. Kitu kinachoweza kweli kuvuruga ni mtoto kuchezea rimoti mbali na gari kwa muda mrefu. Kila ukibonyeza, rimoti inahamia msimbo mwingine, ili mwizi aliyenasa ule wa jana asiutumie leo. Gari huvumilia kuachwa nyuma hatua kadhaa, lakini si bila kikomo.

Tahadhari moja kwa wale wenye ufunguo wa kuchomeka, hasa unapobadilisha ganda lililopasuka. Maganda mapya utayapata Kirinyaga Road kule Nairobi, na mtu atakuhamishia bodi na betri mbele yako haraka haraka. Chipu ya usalama niliyokutajia mara nyingi si sehemu ya bodi hiyo. Ni kijipande cheusi, kidogo kuliko punje ya hindi, kimebanwa pembeni ndani ya ganda la zamani. Ganda likitupwa nacho, milango itafunguka kama kawaida lakini gari halitawaka. Usiondoke hapo bila kuwasha gari, na ganda la zamani nenda nalo nyumbani.

Ukinunua rimoti nzima, kuna mtego mwingine. Magari ya Japani mengi husikiliza masafa ya karibu megahezi 315, ya Ulaya 433. Rimoti inayofanana sura na yako lakini ya soko la Ulaya ni pambo tu. Ni kama redio ya gari lililotoka Japani juzi ambayo haishiki stesheni zako nusu.

Betri bandia zipo, tena nyingi. Ukiwa na rafiki mwenye multimita, mpya inapaswa kusoma volti 3 au zaidi kidogo. Lakini kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu betri dhaifu inaweza kusoma vizuri ikiwa imepumzika kisha ikaanguka ukiipa kazi. Mimi naangalia tarehe nyuma ya pakiti, na sinunui ya kuuzwa ikiwa wazi, iliyochanganywa na zingine kwenye kikopo. Zikigusana zinajimaliza zenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usibebe betri ya akiba mfukoni pamoja na sarafu. Iache kwenye pakiti yake.

Na kuna jambo ambalo si mzaha. Ile pakiti ngumu isiyofunguka bila makasi imetengenezwa hivyo kwa sababu ya watoto. Mtoto akimeza betri ya lithiamu ya milimita 20 inaweza kukwama kooni, na umeme wake mdogo ukikutana na unyevu unaunguza nyama ya koo. Madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa 2, hata kama betri ilikuwa "imekufa" kwa rimoti. Marekani ilipitisha sheria kuhusu betri hizi mwaka 2022 baada ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Reese Hamsmith, kufariki kwa kumeza moja. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe, usingoje kuona kama itatoka. Ni hospitali, saa hiyo hiyo, na uwaambie wazi ni betri ya duara ili wampige picha ya eksirei. Kampuni zingine hupaka betri dawa chungu ili mtoto ateme. Hiyo dawa wakati mwingine huzuia mguso wa umeme, na Apple imeonya kwamba baadhi ya betri hizo hazifanyi kazi kwenye AirTag. Ile ya zamani ifunge pande zote kwa selotepu kabla ya kuipeleka kwa watu wa taka za elektroniki, kama WEEE Centre kule Nairobi. Usiiache kwenye dirisha la jikoni.

Betri huwa haifi ghafla, huaga. Kwanza unalazimika kukaribia gari zaidi kuliko zamani. Kisha unabonyeza mara mbili tatu. Gari nalo husema, ila linasema Kijapani. Hapa naona watu wengi wanakaa na ujumbe kwenye dashibodi miezi mitatu wakidhani ni mapambo. Lenga kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Ukiona neno "denchi", hiyo ni betri kwa Kijapani, na ufunguo wanauita "kii", sawa na sisi. Ile sauti ya mwanamke inayoongea ukiwasha gari mara nyingi ni kitu kingine: anakwambia hujaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Huyo mwache aendelee. Expressway yetu haimjui.

Toyota husema betri ya ufunguo wa kutochomeka hudumu kama mwaka 1 hadi 2. Ni kidogo, kwa sababu rimoti hiyo hailali. Inasikiliza gari muda wote hata ukiwa umeketi ibadani. CR2032 ina uwezo wa kama miliampia-saa 220. Simu yako ina 5,000. Kwa hiyo ukiishi gorofa ya chini, gari liko nje ya dirisha na ufunguo umetundikwa hapo mlangoni, vitu hivyo viwili vinazungumza usiku kucha kwa gharama yako. Uweke chumba cha mbali. Usiulaze juu ya tivi, laptopu au chaja ya simu pia. Toa kama mita moja. Kwa Toyota nyingi kuna na hila ya kuilaza usingizi ukisafiri: shikilia kitufe cha kufunga, kisha bonyeza cha kufungua mara mbili. Kitaa kitamulika mara 4. Ukirudi, bonyeza kitufe chochote iamke.

Kama betri ni mpya na bado gari linakataa mahali pamoja tu, lakini kejani linafanya kazi, fikiria mahali penyewe. Sogea hatua kadhaa, huenda kuna mtambo wa redio karibu. Ila ukibonyeza kufunga kwenye maegesho na gari lisikuitikie kwa taa, usiondoke. Kuna wezi wanaoziba mawimbi ya rimoti kwa kifaa ili gari libaki wazi. Afrika Kusini wamepambana na hilo miaka mingi. Vuta kishikio kwa mkono uhakikishe.

Na kama ndio kwanza unatafuta gari, haya yote yaanze pale yadi. Sheria ya Kenya inataka gari lililotumika lisizidi miaka 8, kwa hiyo unaweza kupewa rimoti ya umri huo na betri isiyojulikana umri. Uliza ufunguo wa pili uko wapi. Magari mengi hufika Mombasa na mmoja tu. Vuta ufunguo wa chuma uone kama upo, maana wakati mwingine ni nafasi tupu, kisha uujaribu mlangoni. Toa betri, gusisha rimoti kwenye kitufe, gari liwake mbele yako. Muuzaji akianza kuguna, mwambie una dakika tano tu. Ukikosa wa pili, tengenezesha nakala mapema ukiwa bado na mmoja unaofanya kazi. Ukipoteza huo mmoja, fundi atalazimika kufuta kumbukumbu ya usalama ya gari na kuanza upya, na hapo hata fundi mwaminifu atakutajia bei ya kukutoa jasho. Hilo lizungumzwe kabla hujalipa depositi, likatwe kwenye bei.